UZI: Mgahawa wa viti ishirini na menyu moja tu: unalipia nini hasa, na kwa nini nautamani Pwani yetu

Mhudumu wa Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mjadala wa migahawa ya ghali ukifika hapa, hauchukui muda mtu atasema: unalipa hela ya kodi ya chumba, unaletewa sahani kubwa yenye kijiko kimoja cha chakula katikati, ukitoka unatafuta chipsi mayai. Mimi nahudumu kwenye mgahawa wa aina hiyo hapa Cape Town, na nilianzia mle mle kuosha vyombo. Jina lake siliweki, sijaja kutangaza biashara ya mtu. Nimekuja kwa sababu kazi hii nimeiona kwa ndani, naipenda, na kuna jambo nataka watu wa Pwani tulizungumze kwa uzito.

Kwanza nieleze mlo wenyewe ulivyo, kwa wasiowahi kuuona.

Hakuna kuchagua. Ukishaweka nafasi umekubali kula alichopanga mpishi, kwa mpangilio alioupanga yeye. Ni kozi, yaani sahani zinazofuatana, saba, kumi, mahali pengine hata ishirini. Wageni wote hufika kwa wakati mmoja, tuseme saa moja na nusu jioni, na kiti hukaliwa mara moja tu kwa usiku. Hakuna meza inayosubiriwa na mtu mwingine. Huanza na vitu viwili vitatu vya kushika kwa vidole. Vinafuata vibichi na vyenye uchachu, kuamsha kinywa. Kisha mkate, ambao kwenye migahawa makini ni kozi inayojitegemea, umechachuliwa siku nzima na kuokwa jioni ile ile. Samaki, halafu nyama, halafu kitu baridi na kikali cha kuosha ulimi, ndipo vitamu. Kila sahani ni matonge machache tu, lakini jumla yake ni mlo kamili. Mgeni akitoka na njaa, mpishi amekosea hesabu, na jikoni wanalichukulia hilo kama aibu.

Kazi ngumu zaidi ni kupanga ladha zipandane. Ukimpa mtu mafuta mengi kozi ya tatu, ya saba haionji tena. Ukirudia uchachu ule ule mara mbili, wa pili unakufa. Mpishi wetu hukaa na karatasi wiki nzima akihamisha sahani moja kutoka ya nne kwenda ya sita, anairudisha, anaihamisha tena. Mgeni haoni kazi hiyo, anahisi tu kwamba amekula kwa muda wa saa tatu na hajachoka.

Utaratibu wa kuleta chakula kimoja kimoja si wa kale sana hata Ulaya. Karamu za Ufaransa zilikuwa na desturi ya kujaza meza kwa wakati mmoja, kila mtu anachota kilicho karibu naye. Mwaka 1810 hivi, balozi wa Urusi mjini Paris, Alexander Kurakin, anatajwa kuwaonyesha mtindo wa kwao wa sahani kufuatana, na ukashika polepole. Upande wa pili kuna Japani, ambako chakula kidogo kinachotangulia sherehe ya chai kilikuwa na mfuatano wake, msimu wake na vyombo vyake zaidi ya karne mbili kabla ya hapo. Wapishi wa Ufaransa wa miaka ya 1960 na 1970 walikwenda Japani, wakaona, wakarudi na macho mapya. Menyu tunayoizungumzia hapa imetoka kwenye makutano hayo.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

Mzee wa Sufuria Kubwa

Kijana, nimekusoma. Mimi nimepika pilau za harusi Dar es Salaam umri wangu wote wa kazi. Watu mia nne, masufuria sita, wasaidizi watano, kuni na makaa. Sherehe ikiisha hata mlinzi wa getini ameshiba na kabeba. Hicho ndicho chakula ninachokijua: kinagusa watu wengi. Sasa wewe unaniambia watu ishirini wanapikiwa na watu wangapi? Na wanakaa kimya wanatazama sahani? Niambie utu wa chakula uko wapi hapo. Siulizi kwa kukudharau, nataka kuelewa.

Mhudumu wa Kusini

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lenyewe, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Kwetu wageni ni ishirini na kitu, jikoni wako saba, ukumbini tuko wanne, na muosha vyombo mmoja. Hapo ndipo pesa inapokwenda. Watu hudhani wanalipia nyama ya ajabu au samaki wa ajabu. Samaki tunaonunua ni wale wale wa bandarini. Kinacholipiwa ni mikono. Mtu mmoja anaweza kuanza saa tatu asubuhi kumenya, kuchuja, kukausha na kusaga kwa ajili ya kitu kitakacholiwa kwa dakika mbili saa mbili usiku. Kiti kimoja, mlaji mmoja, usiku mmoja. Wewe mzee ukigawa mshahara wa wasaidizi wako watano kwa walaji mia nne, kila mmoja anabeba kidogo sana. Gawa wa watu kumi na wawili kwa wageni ishirini, uone.

Nami sitaki kuficha upande mbaya. Hesabu hii imewashinda hata wakubwa. Mgahawa wa El Bulli wa mpishi Ferran Adrià, kule Roses nchini Hispania, ulikuwa na nafasi kama 8,000 tu kwa msimu, na inasemekana maombi yalifika milioni mbili. Pamoja na hayo mgahawa wenyewe haukuwa unaleta faida. Pesa ilitoka kwenye vitabu na ushauri. Ulifungwa Julai 2011. Noma, mgahawa wa Copenhagen, Denmark, iliyofunguliwa 2003, ilitajwa kuwa bora duniani mara tano. Kwa miaka mingi ilitegemea vijana wa mafunzo wasiolipwa, ikaanza kuwalipa mwishoni mwa 2022, na Januari 2023 mpishi wake mkuu, René Redzepi, akatangaza kwamba wataacha kuendesha mgahawa kwa namna ile, akisema mfumo wenyewe haudumu. Miezi michache tu baada ya vijana kulipwa! Tangazo lile lilinikaa moyoni, maana ninawajua vijana wa namna hiyo. Mgahawa unaosimama kwa jasho la bure hauna haki ya kujiita wa heshima, hata ukipewa tuzo za dunia nzima.

Kuhusu utu: watu hawakai kimya, mzee. Ukumbi ni mdogo, jiko liko wazi, mpishi mwenyewe analeta sahani mezani na kusema samaki huyu amevuliwa wapi. Ikifika kozi ya tano, meza mbili zisizojuana zimeshaanza kuongea. Nimeona wageni waliokaa mbalimbali wakimaliza usiku kwa kupeana namba za simu. Wote wamekula kitu kimoja, kwa wakati mmoja. Sinia letu nalo lina hilo, na ndiyo maana naamini jambo hili si geni kwetu kama tunavyodhani.

Bint Malindi wa Muscat

Assalaam alaykum. Nina swali la vitendo. Mume wangu anataka tule sehemu kama hiyo tukisafiri, na mimi nahofia. Sisi hatunywi, hatuli nguruwe, na nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wetu hatuigusi. Ikiwa mpishi ndiye anayeamua kila kitu, tunafanyaje? Sitaki kukaa pale nikikataa sahani moja baada ya nyingine mbele za watu.

Mhudumu wa Kusini

Waalaykum salaam dada. Msiogope, lakini mtangulie. Wageni wa namna yenu tunawapokea kila mara, na tofauti kati ya usiku mzuri na usiku wa aibu ni ujumbe uliotumwa mapema.

Waandikieni mnapoweka nafasi, si mnapofika. Jikoni la menyu moja halina akiba ya vitu vingine. Kama supu ya mifupa imechemshwa toka jana, hakuna wa kuibadilisha saa mbili usiku. Wakipewa siku tatu nne, watawatengenezea sahani mbadala zenye hadhi ile ile.

Tena msiandike tu "hatuli nguruwe". Andikeni kwa kina, maana mitego imejificha:

- Divai hutiwa kwenye michuzi mingi ya Kifaransa. Kuna anayesema imeyeyuka kwa moto. Kama kwenu hilo halikubaliki, semeni wazi: isitumike kabisa kupikia.
- Jelatini, kitu cha kugandishia, iko kwenye vitamu na hata kwenye baadhi ya michuzi iliyogandishwa, na mara nyingi hutoka kwa nguruwe.
- Migahawa yenye mkono wa Kijapani hutumia sake na mirin, pombe mbili za mchele. Mirin halisi ina kilevi karibu asilimia 14.
- Mafuta ya nguruwe yanaweza kuwa kwenye unga wa keki au kukaangia.

Njia rahisi kuliko zote ni kuomba menyu yote iwe ya samaki na mboga. Wapishi wengi huifurahia, inawapa mtihani. Na kuhusu vinywaji, siku hizi migahawa makini ina mfuatano wa vinywaji visivyo na kilevi unaokwenda na kila kozi: maji ya matunda yaliyochachushwa kidogo, chai baridi, maji ya majani na viungo. Kuhusu hivyo vya kuchachusha, ulizeni pia, kwa sababu vingine hubaki na kilevi kidogo sana. Kwetu huwa nawaambia wageni hilo kabla sijamimina, kwa kuwa ni haki yao kujua.

Kama mgahawa ukijibu kwa mkato au ukaonyesha mnawasumbua, acheni. Mahali padogo kazi yake ya kwanza ni kumjali mtu mmoja mmoja.

Ndugu wa Bukavu

Asante kwa uzi. Mimi pia niko Afrika Kusini, nahudumu, lakini mgahawa wa kawaida. Nataka kujua kuhusu mgeni kuchelewa. Kwetu mtu akichelewa nusu saa tunampangia tu. Nasikia kwenu ni kosa kubwa?

Mhudumu wa Kusini

Ndugu yangu, ni kubwa kweli, na si kwa sababu ya kiburi. Jiko linatoa sahani ishirini za aina moja kwa pamoja. Mmoja akifika kozi ya tatu imetoka, ama ukumbi mzima umsubiri, ama wapishi wawili waachane na mstari wamrudie yeye peke yake, na kuanzia hapo kila kitu kinakwenda kombo hadi vitamu. Ndiyo maana wengi huomba malipo ya awali, au namba ya kadi. Kule Chicago mgahawa wa Next ulipofunguliwa 2011 uliuza nafasi kama tiketi za mpira: unalipa kwanza, ukishindwa kuja unamuuzia mwenzio. Watu walilalamika, lakini kwa mgahawa wa viti ishirini, wanne wasipotokea umepoteza moja ya tano ya mapato ya usiku huo na chakula kimeshaandaliwa.

Mengine madogo: usipake manukato mazito, yanaua harufu za sahani za watu wote walio karibu. Usile mchana mzito. Ukitaka kwenda msalani nenda kozi ikiisha, si ikianza. Mavazi nadhifu yanatosha, suti ni hiari yako. Picha moja ni sawa, lakini sahani ya moto ina dakika zake. Na bahashishi ya hapa Afrika Kusini ni asilimia 10 mpaka 15. Wewe unajua inavyobeba maisha yetu wahudumu.

Pia si lazima iwe saa nne za kukaa. Mgahawa wa Sukiyabashi Jiro wa Tokyo una viti kama kumi, chini ya ardhi katika mtaa wa Ginza, na vipande vyake ishirini hivi vya sushi, yaani tonge la wali lenye samaki juu, vinaweza kuisha kwa nusu saa. Kwa miaka mingi mzee Jiro Ono, aliyezaliwa 1925, alikuwa akikupa kimoja, unakila pale pale wali ukiwa na joto la mwili. Ukikiacha kipoe, kazi yake umeipoteza.

Mzee wa Sufuria Kubwa

Hilo la wali nimelielewa vizuri kuliko yote uliyoandika. Pilau nalo lina dakika zake. Endelea. Ulisema una jambo la Pwani.

Mhudumu wa Kusini

Ndiyo mzee. Ndilo lililonileta.

Kaskazini ya Cape Town, mwendo wa saa mbili kwa gari, kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Paternoster. Nyumba nyeupe za chini, upepo, mwani ufukweni. Mpishi Kobus van der Merwe alifungua pale mgahawa wa Wolfgat mwaka 2016, ndani ya kijumba cha zamani cha miaka mia na zaidi. Viti ishirini. Kozi saba. Chakula ni kile kinachotoka pale pale: kome na konokono wa miambani, mwani, mboga za porini zinazoota kwenye matuta ya mchanga, na bokkoms, samaki wadogo waliotiwa chumvi na kukaushwa, ambao ni chakula cha kale cha wavuvi wa pwani ile. Wafanyakazi wake wengi ni wanawake wa eneo lile, ambao hawakupita chuo chochote cha upishi. Februari 2019, mjini Paris, mgahawa huo ulitangazwa mgahawa bora wa mwaka kwenye tuzo za World Restaurant Awards, na bei yake wakati huo ilikuwa kama randi 850 kwa mtu, ndogo sana ukilinganisha na wale walioshindana nao.

Someni tena orodha hiyo kisha mtazame Pangani, Kilwa, Mafia, Lamu, Jambiani, Kisiwa Panza. Sisi tuna ng'onda na papa mkavu. Tuna wanawake wanaoshuka miambani bamvua likikupwa, wanajua shimo lipi lina pweza na lipi halina. Tuna mwani uliolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu wote unasafirishwa nje kwenda viwandani, na ni nadra kuuona kwenye sahani. Tuna mbilimbi, ukwaju, ndimu ya kukausha, achari ya embe bichi: uchachu wa aina nne ambao mpishi wa Ulaya angeuvukia bahari. Tuna mkate wa mofa. Tuna tui, la kwanza na la pili, na tofauti ya hayo mawili peke yake inaweza kubeba kozi mbili.

Na kwenye hoteli zetu za ufukweni mgeni anawekewa nini? Tambi na piza. Ikija "chakula cha asili" ni meza ndefu ya vyombo vilivyofunikwa, wali na mchuzi wa nazi vikipoa tangu saa kumi na mbili. Inaniuma. Mama aliyepika mchuzi wa papa miaka thelathini anaajiriwa hoteli hiyo kufua mashuka.

Mjukuu wa Kiponda

Kaka, nakuunga mkono lakini usiseme kama hakuna kitu kabisa. Hapa Mji Mkongwe kuna hoteli ya Emerson Spice. Juu ya paa wanatoa mlo mmoja uliopangwa, vionjo vya vitu vya baharini na viungo vyetu, kwa kikao kimoja cha jioni, na wageni hupanda mapema walione jua likizama. Marehemu Emerson Skeens, Mmarekani aliyeishi hapa muda mrefu hadi alipofariki 2014, ndiye aliyeifufua nyumba ile ya zamani. Na Kigali yupo mpishi Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo Brazzaville aliyekulia Ujerumani. Alipitia majiko makubwa ya Ulaya, akazunguka nchi nyingi za Afrika akijifunza kwa mama wa vijijini, kisha akafungua mgahawa wa Meza Malonga. Menyu yake inafuata alichokipata sokoni na mashambani. Mwaka 2022 alikuwa mmoja wa waliotunukiwa na World's 50 Best, wale wanaotoa orodha ya migahawa bora duniani, kwa kuinua vijana.

Mhudumu wa Kusini

Umenisaidia sana, asante. Malonga ndiye ninayemtolea mfano kila siku jikoni kwetu. Ninachokitamani mimi ni hatua moja zaidi: meza ndogo ambayo mwenye jiko ni mtu wa pale, na wanaotoza bei ni wale wale wanaoshuka miambani. Si lazima wageni wawe wa nje tu. Wolfgat ilianza na viti ishirini kwa sababu nyumba ni ndogo, na hiyo ndiyo faida ya mtindo huu kwetu. Huhitaji ukumbi wa harusi. Unajua idadi ya wageni siku mbili kabla, unanunua kwa idadi, hakuna cha kutupa. Mvuvi akileta ngisi badala ya changu, unabadilisha kozi ya nne, basi, kwa sababu hakuna mgeni aliyeahidiwa changu.

Mwana wa Mji wa Kale, Mombasa

Naongeza moja la hatari, maana nimewahi kujaribu kupika hivi kwa wageni kumi nyumbani kwetu. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, bei ya samaki inapanda na siku nyingine hupati kabisa. Menyu ya bahari tupu itakuangusha. Lazima uwe na vya kukausha na vya kutia chumvi vilivyowekwa akiba kipindi cha kaskazi. Na pweza: pale mahali wanapofunga miamba kwa miezi ili akue, heshimuni. Usimnunue kwa mlango wa nyuma.

Mhudumu wa Kusini

Maneno mazito. Na ukiangalia, kufungwa kwa mwamba kunaweza kupanga menyu yenyewe: miezi ya kufungwa hakuna pweza mezani, na mwamba ukifunguliwa ndiyo wiki ya kuweka nafasi.

Mzee wa Sufuria Kubwa

Nimekaa nalo hili tangu jana. Nina mambo matatu ya jikoni, kwa yeyote atakayejaribu.

Tui la kwanza halisubiri. Likikamuliwa saa nane mchana kwa joto letu, saa mbili usiku limeshaharibika. Kwa hiyo mkunaji wa nazi awepo jikoni jioni yote, na alipwe kama mpishi, kwa kuwa ndiye mpishi. Mbuzi ya kukunia kwa mkono inatosha kwa watu ishirini, kwa mia nne ndiyo haitoshi.

La pili, wali usitoke katikati ya kozi ukiwa peke yake kama pambo. Toa ukoko. Kipande kidogo cha ukoko wa pilau uliopaliwa makaa juu, na achari pembeni. Miaka yote kwenye harusi watoto na wapishi ndio tunaoupata huo, mgeni rasmi hapati.

La tatu, huyo mama wa mchuzi wa papa asipewe fomu ya kujaza mapishi kwa gramu. Mwekeni kijana mmoja mwenye daftari na mizani kando yake kwa mwezi, apime anachotia bila kumsumbua. Mimi ninaye mjukuu anayejua kuandika vizuri. Nitumie ujumbe faragha, tuanze na kozi ngapi?

Mhudumu wa Kusini

Tano, mzee wangu. Nakuandikia sasa hivi.